Chakula Hakiliwi, Kinapakwa

Siku hizi nyumbani kwangu chakula hakiliwi. Kinapakwa. Unaingia jikoni kutafuta parachichi la kuteremshia githeri, unaambiwa liko usoni. Uso wa nani? Wa Mama Watoto. Na yai? Liko kichwani kwa msichana wangu, limefungiwa na ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu 2017, sijui huwa anaitoa wapi. Asali niliyoletewa kutoka Baringo, ile ya kweli, ile inayowasha koo, imechanganywa na sukari ya kusugulia midomo. Maziwa lala yamo kwenye beseni na miguu ya mtu imo ndani. Mimi baba wa nyumba nakaa mezani na githeri kavu, naangalia familia yangu iking'aa.

Ukiuliza, unaambiwa ni vitu vya asili. Havina kemikali. Na mimi ni nani nibishe? Kemia tulikutana nayo kidato cha pili, tukaangaliana, kila mtu akaenda zake.

Wangejipaka wenyewe wakaniacha na githeri yangu, ningenyamaza. Lakini kila dawa lazima ijaribiwe kwanza kwa mtu. Katika ploti yetu nzima mtu huyo ni mimi. Tulikuwa na paka. Alihama.

Wanasema nina ngozi ya kujaribia. Hapo siwezi kukataa. Hii Nakuru yetu haimpendi mtu mwenye ngozi. Tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ikweta iko hapo tu, unapanda matatu na njugu hazijaisha mkononi. Jua la saa sita linakushukia mzima mzima. Baridi ya Julai inakungoja jioni. Januari na Februari ni vumbi, linaingia hadi kwenye chai. Mtu anatoka Kaptembwa amejipaka vizuri, akifika mjini amepauka mpaka unaweza kumwandikia deni lake mkononi kwa ukucha na likasomeka. Tarehe 1 Desemba 2021 tulipewa hati ya kuwa jiji. Watu walicheza barabarani. Mimi nilirudi nyumbani nikavua viatu, nikaangalia visigino. Huko hati haikuwa imefika.

Basi wa kwanza kula pesa yangu alikuwa jamaa wa spika pale steji. Unamjua. Ana meza, ana mizizi, ana magome, ana picha za magonjwa ambazo hufai kuziona kabla ya chakula cha mchana. Dawa yake ni moja na inatibu magaga, chunusi, mba, vidonda vya tumbo, mkosi, na mume anayechelewa kurudi nyumbani. Hiyo ya mwisho niliomba aizungumze polepole. Nikaona kichupa cha mafuta pembeni. Nikauliza, haya je? Akashusha spika, akanisogelea. "Boss, hayo yanatoka London." Nililipa bila kupatana. Kitu cha London utapatana nini?

Nyumbani msichana wangu akageuza kichupa. Hakuna jina la kampuni. Hakuna tarehe. Kuna mchoro wa jani na namba ya simu. Akaniambia dawa ya mitishamba inayouzwa inatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Nikamuuliza, bodi moja inawezaje kusimamia dawa na sumu kwa wakati mmoja? Akaniambia, "Baba, si unayo hapo mkononi."

Nikajipaka tu. Pesa ilikuwa imetoka. Nilinuka kitunguu na dizeli wiki nzima, mbwa wa jirani akanifuata mpaka kazini. Halafu Jumapili moja nikamwona yule jamaa anashuka kwenye matatu na debe lake. Matatu ya kutoka London. London yetu ya hapa Nakuru, kule juu karibu na jaa la taka la Gioto. Hakuwa amenidanganya hata neno moja. Nikamsalimia. Utamshtaki mtu kwa kosa gani?

Mjomba wangu alinicheka. Yeye ni mtu wa dawa za mbali. Mwaka wa 2011, wakati Afrika Mashariki yote ilikuwa inakimbilia kwa Babu wa Loliondo, Mchungaji Ambilikile Mwasapila, mjomba naye alibeba mgongo wake akavuka mpaka hadi kijiji cha Samunge huko Tanzania. Kikombe kimoja, shilingi 500 za Tanzania. Foleni ya magari kilomita na kilomita, wengine wakafia njiani wakingoja. Mjomba alirudi na mgongo ule ule, ila anasifu barabara. Kumbe kilichochemshwa kwenye kile kikombe ni mizizi ya mugariga, ule mti wa miiba ambao tukichunga mbuzi tulikula matunda yake yakatuchafua mashati. Nilichapwa kwa sababu ya madoa yale. Hakuna aliyeniambia nilikuwa natibiwa.

Mjomba ndiye alinituma Marigat. "Achana na chupa," akasema, "nenda kwenye mmea wenyewe." Alikuwa anasema alovera, yaani shubiri. Huko Baringo shubiri za mwituni ni nyingi, na zilikuwa nyingi zaidi kabla watu hawajaanza kuzikata ovyo kwa ajili ya utomvu wa kuuza, mpaka mwaka wa 1986 Rais Moi, mwenyewe mtu wa Baringo, akapiga marufuku uvunaji wake. Rafiki yangu wa Marigat amepanda zake uani. Akanikatia jani moja nono, akaniambia hii ni nzuri sana kwa ngozi, halafu akaenda kuangalia mbuzi.

Sasa wewe niambie. Mtu amekupa jani, amesema ni zuri kwa ngozi, ameondoka. Utafanyaje? Mimi nilifikiri. Ngozi ina nje na ina ndani. Nikalitwanga jani zima na ganda lake, nikachuja, nikanywa kikombe. Uchungu wake siwezi kuueleza mbele ya watu wenye heshima zao. Rafiki yangu aliporudi akaangalia kikombe, akaangalia lile ganda, akauliza kama nina safari kesho. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mungu akutangulie."

Kumbe lile jani lina vitu viwili. Katikati kuna ile jeli inayoteleza, isiyo na rangi, na hiyo ndiyo ya kupaka ngozi. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu, na huo watu wa kale waliutumia kufungulia tumbo lililofunga. Haufanyi kazi papo hapo. Unakaa saa kadhaa unakupigia mahesabu. Kwa hivyo jioni hakukuwa na kitu. Nililala nikijisifu. Asubuhi nikapanda matatu ya Nakuru, nikachagua kiti cha dirishani, nikafunga mkanda.

Mogotio kuna alama ya ikweta kando ya barabara. Wageni husimama pale wakapigwa picha, mguu mmoja kaskazini, mmoja kusini. Dereva alipiga breki pale pale kwa sababu nilikuwa nimeshapiga nduru. Mimi sikuchagua upande wa dunia. Kilichokuwa karibu ni kichaka. Nilipotoka, abiria wote walikuwa dirishani. Mama mmoja akanipa tishu, akaniambia "pole, baba," na ile pole iliniuma kuliko tumbo. Makanga akanidai hamsini ya kusubiriwa. Nikalipa. Tulipofika karibu na Kabarak nikalipa tena.

Ungedhani hapo wangenionea huruma. Wapi! Nilipofika nyumbani msichana wangu alikuwa na habari mpya. Ndimu. Ndimu inaondoa madoa, ndimu inang'arisha, ndimu inauzwa shilingi kumi. Nikakamua, nikajipaka mashavu yote mawili kwa viganja, ikatiririka mpaka shingoni. Nikavaa koti, nikaenda mazishini Bahati. Hema lilikuwa la jamaa wa marehemu. Sisi marafiki tulikaa juani, na mchungaji alikuwa na mengi ya kusema.

Siku ya pili yake uso uliwaka moto. Baadaye ukageuka rangi. Sasa sikiliza. Haukugeuka wote. Ulipiga michirizi ya kahawia shingoni pale ndimu ilipotiririka, na kwenye shavu la kulia ikatokea alama ya vidole. Vinne. Vimepangika. Kila mtu aliyeniona aliona kitu kimoja tu: huyu amezabwa kofi. Boda wakanipigia honi za huruma. Mama mboga akanipimia sukuma wiki akaongeza, jambo ambalo hajawahi kufanya. Jumamosi wazee wa kanisa wakaja, watatu, na Biblia, wakaketi, wakaanza kwa mbali, ndoa ni safari, ndoa ina mabonde. Mimi nikawaambia ni ndimu. Wakatazamana. Mzee mmoja akanishika goti, akasema, "Tunaelewa, ndugu."

Nikamwangalia Mama Watoto aniokoe. Akamimina chai. Akawaambia, "Tulishasameheana."

Ilibidi niende kwa dada wa kemisti. Akaniangalia shavu, hakucheka, nikampenda kwa hilo. Akasema ndimu na limau zina kitu ndani yake ambacho kikiwa juu ya ngozi kikapigwa na miale ya jua, kinachoma. Alama inakaa mahali maji yake yaligusa, na inaweza kuchukua wiki au miezi kufifia. Nikamwambia haiwezekani, hiyo ndimu ni ya asili, haina kemikali. Akasema, "Mzee, sumu ya nyoka nayo hutengenezwa kiwandani?" Nikaona afadhali angecheka.

Pale pale akaona meno. Meno yangu ni ya kahawia, na mtu yeyote aliyekulia huku anajua sababu, ila sisi hatusemi. Mama Watoto alikuwa amenipa mkaa wa kusaga nisugue. Nilisugua. Nikampigia mama mkwe simu ya video nimwonyeshe, nikatabasamu, akauliza, "Huko kwenu stima zimepotea?" Sasa dada wa kemisti akanieleza bila kulipisha. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, inatoka kwenye mawe ya volkeno. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huku vinapita hapo mbali. Mtoto akiyanywa wakati meno yanaumbika, rangi inaingia ndani ya jino lenyewe. Hakuna mkaa utaifikia. La kufanya ni kuwalinda watoto, wanywe maji ya mvua au yaliyochujwa. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianzisha machujio ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, mifupa inanasa ile floraidi. Nikafurahi kusikia. Nyama sijaiona tangu Krismasi, lakini angalau mifupa ina kazi.

Nakwambia haya yote na bado sijafika kwenye visigino.

Tulienda Njoro kumsalimia mama mkwe. Sebuleni kuna zulia jipya, jekundu. Kwenye zulia jipya huingii na viatu. Nikavua. Soksi ilikuwa na shimo, na shimo lilikuwa limechagua kisigino. Nikatembea kwa heshima zote, nikasalimia kila mtu, nikaketi kwenye kochi la mbali. Kimya. Mama mkwe anaangalia chini. Mama Watoto anaangalia chini. Nikaangalia chini. Gaga la kisigino lilikuwa limenasa uzi mmoja wa zulia pale mlangoni, nami nimeuvuta nao chumba kizima, umepita chini ya meza, umezunguka stuli, umenyooka mpaka kwenye mguu wangu. Unaonyesha kila mahali niliposimama kusalimia. Shemeji yangu mdogo akaleta makasi. Akapiga magoti. Akaangalia uzi, akaangalia kisigino, akaniangalia. "Shem, nianzie wapi?"

Mama mkwe akasema niache mchezo, nitafute jiwe la Menengai. Hili jiwe ni la kweli. Menengai ni volkeno, na makumi ya maelfu ya miaka iliyopita ililipuka ikamwaga majivu na mawe mepesi yenye matundu, yale yanayoelea ukiyatia majini. Watu huyatumia kusugulia miguu. Fikiria. Mlima mzima umepasuka, umeacha shimo la kilomita kumi na kitu, na kazi iliyobaki ni ya kisigino changu. Nikalipata jiwe. Watoto wakalipata kabla yangu. Nililikuta kwenye beseni limechomekwa kijiti na bendera, linaitwa meli, lina kapteni. Nikawanyang'anya, nikasugua mguu mkavu kwa hasira mpaka nikaona damu.

Hapo ndipo nilipelekwa kliniki ya ngozi. Nilikaa foleni tangu alfajiri nikiwa nimejiandaa kwa mambo makubwa. Sindano. Mashine. Labda upasuaji mdogo. Daktari alikuwa msichana mdogo, rika la msichana wangu, ananiita mzee kila sentensi. Akaangalia miguu, akapima sukari ya damu, kwa sababu visigino kupasuka mpaka kutoa damu kwa mtu mwenye kisukari si jambo la kuchezea. Sukari ilikuwa sawa. Akauliza naoga na nini. Nikamwambia maji ya moto sana na kipande kile cha kufulia. Akafunga macho kidogo.

Halafu akanihesabia. Maji yawe vuguvugu, yasiwe ya kuchunia kuku. Sabuni iwe laini, kwa sababu kipande cha nguo kinaondoa mafuta yote ya ngozi. Ukitoka kuoga jifute kwa kugusagusa, upake mafuta papo hapo ngozi ikiwa na unyevunyevu, usingoje ikauke. Jiwe ni zuri, lakini loweka miguu kwanza, sugua taratibu, usifike kwenye damu. Usiku paka mafuta mazito kisiginoni, vaa soksi, lala. Mchana vaa kofia, jua la huku ni kali hata kukiwa na mawingu. Ukitaka parachichi, kula.

Nikangoja. Nikamuuliza, mafuta gani, ya kuagiza? Akasema ya mgando, ya kawaida. Nikamuuliza, hata Arimis, ya matiti ya ng'ombe? Akasema hata hiyo. Jirani, nilikulia kwenye hiyo Arimis! Nyanya alikuwa anaanza na ng'ombe, anamalizia na sisi, kwa foleni, na ng'ombe hakuwahi kulalamika. Nimeenda Marigat, nimechafua ikweta, nimepatanishwa na mke ambaye hatukugombana, halafu naambiwa dawa ni soksi?

Nikamwomba daktari anidunge hata sindano moja. Ya chochote. Mtu hawezi kutoka foleni ya alfajiri akarudi nyumbani na mikono mitupu, watu watasemaje? Akakataa kwa adabu. Akaniandikia kikaratasi: maji, mafuta, soksi, kofia. Dada wa kemisti alikisoma, akageuka kuangalia rafu, mabega yakimtikisika.

Nimefanya. Na shida yake ndiyo hii, dawa inafanya kazi. Visigino vimelainika. Gaga limekufa. Lakini nani alikuwa amesema kwamba mguu uliopakwa Arimis, ukavikwa soksi, usikanyage sakafu ya taili saa nane usiku ukienda choo? Kwenye kile kikaratasi halikuandikwa. Niliteleza kutoka mlango wa chumba mpaka mlango wa jikoni bila kupiga hatua, na kifundo kikabaki nyuma. Kimefura. Mama Watoto hakusema kitu. Alichukua simu tu akapiga Njoro.

Sasa mama mkwe amefika tangu asubuhi na gunia. Ndani kuna thabai mbichi, ile inayowasha hata ukiiangalia. Mimi nilifurahi, nikajua leo ni mukimo wa thabai, hatimaye chakula cha kuliwa. Anasema hii si ya kupika. Anasema zamani kiungo kilichofura kilichapwa nayo, damu ikakimbia, mtu akatembea. Ameshavaa glavu. Anasema nivue soksi.